Kungwi na Njia ya Mtoni

Sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Ukiwa juu mlimani unapalilia maharage, ukasikia bondeni mtu anamgombeza mbuzi kama anamgombeza mkwe, ulijua Kungwi anapanda. Mama alikuwa anaacha jembe, anajifuta mikono kwenye kaniki na kusema, "Haya, tengeneza uso, mwenyewe anakuja."

Uso wangu haukutengenezeka. Mbele ya watu mimi ni mtu wa kutazama vidole vya miguu. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la juu kabisa walilonalo kwa wasichana, na sasa wameniweka misheni ya pwani nijifunze ualimu, mbali na milima. Nina daftari, na humo nasema yale ambayo mdomo wangu hukataa. Masista walikuwa wananisifu kwa kunyamaza kwangu. Kungwi hakunisifu. Alikuwa ananiangalia, anamgeukia mama, "Huyu mtoto amemeza nini?"

Jina lake nalijua ila sikuwahi kulitamka, wala hapa silitaji. Kwetu sisi alikuwa Kungwi, basi. Karibu kila mwanamke wa upande ule wa Uluguru alikuwa mwali wake. Alimweka ndani alipovunja ungo, akamfunza, akamtoa siku ya ngoma amepakwa mafuta, watu wakimwimbia. Kwa hiyo akimwita mwanamke, hata mwenye wajukuu, mwanamke huyo alikuja. Nimemwona bibi mmoja asiye na meno akiacha ugali jikoni na kukimbia kwa sababu Kungwi amepaza sauti mara moja tu.

Kazi yake ilikuwa kufunza wasichana wainamishe macho, waseme polepole, wasimkatize mtu mzima. Yeye mwenyewe hakuna hata moja aliloliweza. Siku moja mama akajitia ushujaa akamwuliza, "Kungwi, mbona wewe hufanyi uliyotufunza?"

"Mimi nilikuwa nafunza," akasema. "Wakati ule wa kufunzwa ulikuwa wa kwenu."

Alikuwa mwoga wa vyura. Mwanamke aliyekaa peke yake porini na wanawali wake wiki nzima, fisi wakilia, alikuwa akifika mtoni anasimama mbali na kusema, "Tangulieni nyie, kuna vile vijitu." Na hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa na mabonge ya unga mbichi ndani, na mabinti zake walikuwa wanamwondoa jikoni kwa hila: mama njoo utazame kuku, mama kuna mtu anakuita. Nadhani alijua. Hakulalamika, kwa sababu chakula chao kilikuwa kitamu.

Ugoro aliuweka katika kibuyu kidogo kilichoning'inia shingoni. Kabla ya kusema neno zito alikuwa anavuta, anafumba macho, anapiga chafya, ndipo anasema. Watu wote walisubiri chafya. Mara moja chafya haikuja, akakaa mdomo wazi muda mrefu, kisha akasema, "Basi nendeni nyumbani, leo sina la kusema," na watu wakaenda kweli.

Masista hawakumpenda. Sista mmoja alituambia tusikanyage uani kwake, ngoma zake ni za shetani. Sista huyohuyo alipopata homa kali, Kungwi alimpelekea majani ya kuchemsha, na mimi ndiye niliyeyachukua. Sista akapona, akataka kushukuru. Nikarudi na salamu. Kungwi akasema, "Mwambie aendelee kuyanywa yakiwa ya moto, na aache kunitaja kwa Mungu kila asubuhi, ananichosha."

Mimi hakunicheza unyago. Baba alikuwa amebatizwa na akawakubalia masista kwamba sitaingia ndani. Wasichana wenzangu walinicheka mtoni, "Huyu bado mtoto, hajui kitu," na ilikuwa kweli sijui. Niliwaza Kungwi atanichukia kwa jambo hilo. Hakunichukia. Alinipita tu kama anavyopita mtu kiti kisicho chake.

Mwanaume aliyemwogopa Kungwi kuliko wote alikuwa akida. Akida alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu na askari wawili nyuma yake, na serikali ya Wajerumani ilikuwa imemweka juu yetu wote. Siku moja alikuja kuchukua watu wa kazi ya barabara, akamtia kwenye mstari mzee mmoja mwenye mguu mbovu. Kungwi akatoka kwenye mahindi, ana jembe begani.

"Akida, shikamoo."

Akida akashtuka, maana yeye ndiye mdogo. "Marah... Shikamoo mama."

"Mkeo nilimtoa ndani mimi. Tulikaa naye mwezi mzima. Juzi alikuja kunisalimia, akanieleza mambo yenu. Niyaseme?"

Akida akamtazama yule mzee mguu. "Huyu hafai," akawaambia askari. "Mtoeni."

Watu walicheka mpaka jioni. Kungwi hakucheka. Alisema, "Wale wengine tisa wamekwenda, mnacheka nini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukishangilia kidogo, yeye anahesabu waliobaki.

Sasa niseme habari ya njia.

Chini ya kijiji chetu kuna bonde, na ndani ya bonde kuna mto, na njia ya kwenda mtoni ilikuwepo tangu bibi za bibi zetu. Baada ya gari la moshi kufika Morogoro, akaja mzungu mmoja akapewa bonde, akapanda mpira. Sisi tulimwita Mzungu wa Mpira. Akazungusha ua wa miti ya miba, na kwenye njia yetu akaweka mnyapara. Mwanamke akipita, mtungi unavunjwa. Ikabidi tuzunguke kwa mgongo wa mlima, kupanda na kushuka. Ukiondoka jogoo akiwika, unarudi na maji jua likiwa utosini.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja ya mvua aliteleza pale mgongoni, akaburuzika mpaka kwenye mawe. Alirudi anatembea, hana mtungi, anashika tumbo kwa mikono miwili. Mama alimlaza. Siku mbili tulikuwa tunasubiri tuone kama mtoto atacheza tumboni. Siku ya tatu akacheza, dada akalia. Kesho yake akanyanyuka akachukua mtungi mwingine, maana nyumba haikai bila maji, akapita njia ileile ya mawe.

Wanaume walisema tungoje. Siwalaumu. Tangu vita vya Maji Maji, wanaume watano wakikaa mahali pamoja askari anakuja kuuliza wanazungumza nini. Lakini Kungwi alikuja nyumbani, akamtazama dada alivyokaa amelalia ubavu mmoja, akavuta ugoro, akapiga chafya, na kwa mara ya kwanza akasema nami habari yangu mimi.

"Wewe. Wanasema unajua kuandika."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sikukucheza, kwa hiyo huna siri yangu hata moja. Vizuri. Tutamwandikia Bwana Mkubwa wa boma."

Karatasi niliipata mjini kwenye duka la Mhindi, moja tu, kwa mayai mawili. Tukakaa uani kwake. Mimi na wino wangu, yeye na kibuyu chake.

"Anza na salamu," akasema.

Nikaandika salamu. Akasema haitoshi. Huwezi kumwingilia mtu nyumbani na shida yako kama moto unakufuata. Mwulize hali. Mwulize mkewe. Mwulize watoto, askari wake, ng'ombe wake, na nyumba yake kama haivuji kwa mvua hizi.

"Mwulize na mama yake."

"Simjui mama yake, Kungwi."

"Ndiyo maana unauliza. Unayemjua utamwuliza nini?"

Nikaandika mama yake. Nikasema, "Ukurasa umekwisha."

"Geuza."

Nikageuza, na upande wa pili nikaandika habari ya njia, na mitungi, na dada yangu, kwa herufi ndogondogo ili zienee. Nilijivuna kwa barua ile. Niliona ni barua ya watu wenye adabu.

Siku ya shauri tulishuka wawili hadi bomani. Siku hiyo mtu yeyote mwenye neno anakaa barazani, anaitwa kwa zamu, na karani analiandika jina lake na neno lake katika kitabu. Karani alikuwa kijana wa pwani mwenye tarabushi nyekundu na sauti nzuri kama ya kuimba. Akaichukua barua, akasimama mbele ya Bwana Mkubwa, akasoma. Akasoma hali, akasoma mke, akasoma ng'ombe. Alipofika kwa mama, Bwana Mkubwa akainua macho akatabasamu. Karani akamaliza ukurasa, akaukunja vizuri, akaweka.

Hakugeuza.

Nilikuwa mbali naye hatua tatu. Maneno yalikuwa mdomoni: geuza, kuna upande wa pili. Nilikuwa nayaona jinsi yalivyoandikwa. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Bwana Mkubwa akasema, "Vizuri sana. Watu wema. Wape chumvi," na askari akatuletea mfuko wa chumvi, mfuko mzima.

Kungwi akaninong'oneza, "Amesoma yote?"

Nikainamisha kichwa. Akadhani ni ndiyo.

Nilimwambia tulipokuwa tumekwisha kutoka mjini, tunaanza kupanda. Nilimwambia nikiwa nyuma yake, ili nisione uso. Akasimama. Akaitua ile chumvi.

"Yaani tumemsalimia tu."

"Ndiyo."

"Mpaka mama yake."

"Ndiyo, Kungwi."

Akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini kwenye majani, machozi yakamtoka, anapiga mapaja, "Tumekwenda kudai maji tumerudi na chumvi!" Nami nikacheka kidogo. Halafu akaacha ghafla, akanitazama, akasema, "Na dada yako kesho anapita wapi?"

Sikulala vizuri kwa swali lile. Mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha.

Kesho yake nilidhani atamwaga ile chumvi. Badala yake alipika maharage, au tuseme mabinti zake walipika, sufuria mbili kubwa, na akaita wanawake wote wa upande wetu waje kula chumvi ya serikali. Ikawa kama ngoma bila ngoma. Wamekaa uani na watoto mgongoni, wanakula, wanatukana mnyapara, kila mmoja anaeleza mtungi wake ulivyovunjwa na ulikuwa umefinyangwa na nani. Kungwi akawaacha wale mpaka washibe. Chumvi ilikuwa nyingi kwa makusudi, nadhani. Wakaanza kuuliza, "Maji yako wapi?"

"Ehe," akasema Kungwi. "Maji yako wapi?"

Akavuta ugoro. Akapiga chafya.

"Nimekaa kwenye baraza lile, nimetazama. Kila mtu mwenye neno, lazima aitwe. Lazima aandikwe. Hata yule mwenye kesi ya bata aliandikwa. Sasa siku ya shauri tutashuka wote. Ila msiende kama kundi, mkienda kama kundi wataita askari, watasema ni vita. Mmoja mmoja, kama mnakwenda sokoni. Na msiseme sisi. Mtu akisema sisi, nitamrudisha ndani nimfunze upya. Kila mtu aseme mimi."

"Kungwi," mmoja akauliza, "nami nisemeje? Neno letu si ni moja?"

"Mtungi uliovunjika ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi neno ni lako."

Tukashuka. Walikuwa arobaini na kitu, wengine na mitungi mitupu, wengine na vigae vya mitungi iliyovunjwa, wamefunga kwenye khanga. Walifika mbalimbali, wakakaa kwenye baraza, kimya, macho chini kama alivyowafunza. Hakuna mtu angeweza kusema wamekosa adabu.

Karani akaita wa kwanza. "Neno lako?"

"Mimi, njia ya kwenda mtoni imefungwa."

Akaandika. Akaita wa pili. "Neno lako?"

"Mimi, njia ya kwenda mtoni."

"Mama, huyo mwenzio amekwisha kusema."

"Huyo kasema ya kwake. Kwani nimekuja na miguu yake?"

Akaandika. Wa tatu, wa nne. Kwa yule wa saba karani alianza kuandika kabla hajamwuliza, naye mwanamke akamwambia, "Ngoja kwanza, hujaniuliza." Kwa yule wa kumi na tano alivua tarabushi. Dada yangu alipofika alisimama na tumbo lake, akasema tu, "Mimi nilianguka," akakaa. Karani akaangalia lile tumbo, kisha akaandika polepole.

Ndipo Bwana Mkubwa akatoka ndani. Kumbe alikuwa anasikiliza. Uso umekuwa mwekundu. "Ni nini hii? Nani mkubwa wao?"

Macho yote yalibaki chini. Zamu ilikuwa ya Kungwi. Akasimama.

Nilingoja ile sauti. Wote tuliingoja. Akashika kibuyu chake, na nikaona ugoro unamwagika kifuani. Mdomo ukafunguka, hakuna kitu. Kungwi alimweza akida kwa sababu alimjua mkewe. Bwana huyu, hakujua ametoka nyumba gani, wala nani alimlea. Kungwi aliyetisha mlima mzima akasimama pale kama mwali wa siku ya kwanza.

Askari mmoja akasogea. Wanawake wakaanza kutazamana.

Sijui nilisimama lini. Nilisikia sauti nyembamba, nikatambua ni yangu.

"Bwana, hakuna mkubwa. Ila tulileta barua, na barua ile ina upande wa pili."

Karani akanitazama. Akapekua sanduku, akaitoa, akageuza. Nikamwona anavyosoma kwanza kimoyomoyo, na aibu inavyompanda. Kisha akasoma kwa sauti, yote, pamoja na dada. Safari hii hakuimba.

Bwana Mkubwa akaichukua barua, akaitazama pande zote mbili. Akasema, "Njia. Upana gani?"

"Hatua moja inatosha, Bwana," karani akasema.

"Haitoshi," nikasema. Nilikwisha kuanza, na kunyamaza sasa kungekuwa vigumu vilevile. "Mmoja anakwenda na mmoja anarudi. Wapishane wanawake wawili wenye mitungi."

Hakuelewa. Basi wanawake wawili wakasimama bila kuambiwa, wakajitwika mitungi, mmoja akatoka huku na mwingine kule, wakapishana katikati ya baraza la boma, khanga zikigusana. Karani akapima kwa fimbo. Bwana Mkubwa akaandika mwenyewe.

Hakuahidi. Alisema, "Nitatazama." Wiki mbili tulipita mgongoni, na wengine wakaanza kunicheka, ati nimesema na mzungu mpaka amesahau. Wiki ya tatu akaja askari na vigingi na kamba yenye mafundo, akapima, na yule mnyapara akaambiwa afyeke miba kwa mikono yake. Mtoto wa dada alizaliwa mwezi ule, wa kiume, mwenye sauti.

Bonde bado ni la Mzungu wa Mpira. Naandika hivi ili nisidanganye. Tulipata njia tu, bonde hatukupata, na Kungwi alikuwa wa kwanza kusema hivyo watu waliposhangilia.

Siku ile ya boma, tukirudi, Kungwi alisimama tulipofika nusu ya mlima. Halafu akasema, "Sauti yangu ilikwenda wapi?" Akapanda hatua mbili zaidi. "Usiwaambie watu," akasema. Watu wenyewe arobaini walikuwa mbele yetu wanaisimulia hadithi hiyo kwa kelele. Baadaye akawa anaisimulia yeye mwenyewe, na kila mara akiongeza: mara magoti yaligongana, mara alisahau jina lake. Wasichana wake wa ndani nao aliwasimulia, nasikia. Nilitamani kuwepo nisikie anavyowaambia.

Mara ya mwisho kumwona ni asubuhi niliyoondoka kuja pwani. Nilikuwa nashuka na mzigo wangu kichwani kwenda stesheni, baba ametangulia. Kungwi alikuwa anapanda kutoka mtoni, mtungi umejaa, anapumzika kila hatua chache. Alikuwa amezeeka kwa mwaka ule mmoja. Nikafanya kama msichana yeyote angefanya akikutana na mtu mzima njiani: nikajibana pembeni, ndani ya miba, ili apite.

"Shikamoo, Kungwi."

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

"Nakupisha."

"Toka. Toka humo, utachana nguo ya watu. Uliwaambia upana gani?"

Nikatoka. Tukasogeleana. Hakusogea pembeni hata kidogo, wala mimi sikusogea, na tukapishana bega kwa bega, mtungi wake ukagusa mzigo wangu.

"Sokoni wenzako wanauza mboga wakinyeshewa," akasema akiwa amekwisha kunipita, haangalii nyuma. "Hakuna hata paa. Utarudi lini?"

"Mwakani."

"Utasema bomani?"

"Nitasema."

"Sema nisikie, mimi mzee."

"Nitasema!" nikapiga kelele, na baba kule mbele akageuka kutazama ni nani.

Maji ya mtungi wake yalikuwa yamenimwagikia begani, ya baridi. Nilishuka nayo mpaka stesheni.